Urithi wa klasi kwenye mipangilio: safari ya Spring na Guice

Mtoto wa nyoka ni nyoka. Wanaprogramu wa Java waliiamini methali hii hata walipopanga programu zao, na hatimaye wakalipia.

Tuanze mwanzo. Januari 2004 Martin Fowler aliandika makala iliyolipa jina wazo la kudunga vitegemezi: klasi haijiundii vitu inavyovihitaji, inaletewa kutoka nje. Mwaka huo huo Spring 1.0 ikatoka. Mipangilio yake ilikuwa XML, na humo kijenzi kiliweza kumtaja mzazi, kikachukua thamani zake na kubadilisha chache. Huo ulikuwa urithi wa maelezo, si wa klasi.

Guice ya Google ilipofika 2007 iliitupa XML. Mipangilio ikawa klasi ya Java inayorithi AbstractModule. Basi si ni rahisi kurithi moduli yako halisi, uite super.configure(), kisha uweke hifadhidata ya bandia kwa ajili ya majaribio? Thubutu! Ukifunga kitu kimoja mara mbili kwa njia tofauti, Guice inakataa kuanza. Ndiyo maana Guice 2.0 ya 2009 ilileta Modules.override: moduli mbili zinawekwa kando kwa kando, nawe unasema ipi ishinde.

Spring nayo ikafuata njia ya klasi kwenye toleo la 3.0, mwaka 2009. Kisha 2013 Spring Security 3.2 ikaleta WebSecurityConfigurerAdapter. Uliirithi, ukaandika upya mbinu moja au mbili, kazi ikaisha. Mifano mingi ya mafunzo ilifuata mtindo huo.

Tatizo ni kwamba Java inakupa mzazi mmoja tu. Tena mzazi huyo ameshaamua mambo mengi usiyoyaona, na hapa tunazungumzia ulinzi wa mfumo! Toleo la 5.7 mwaka 2022 liliwaonya watu waiache klasi hiyo, na 6.0 ya mwaka huo huo likaiondoa kabisa. Aliyepandisha toleo bila kujiandaa alikuta msimbo wake haukompailiki. Sasa unaandika kijenzi cha SecurityFilterChain, nawe unakiona chote.

Kitabu cha Design Patterns kilishashauri mwaka 1994: unganisha vitu kabla ya kukimbilia urithi. Kwa hiyo ukirithi mipangilio, kagua kwanza madeni ya marehemu.