Anayemdai Marehemu Ajitokeze

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuwa Songea. Mbele ya wazao wa mashujaa wa Maji Maji aliomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea babu zao. Nikiwa mwandishi wa habari nimezoea kusikia wakubwa wakizunguka maneno, na huyu hakuzunguka. Ila fidia hakuahidi.

Sasa tukumbuke anaombewa msamaha nani, na kwa lipi. Mwaka 1905 watu wa Umatumbi walichoka kulimishwa pamba kwa nguvu, wakaing'oa. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyekuwa akigawa maji ya dawa, alinyongwa mapema tu, lakini vita vilienea kusini yote. Serikali ya Gavana Gustav Adolf von Götzen ikaona bunduki peke yake haitoshi. Vijiji vikachomwa, mashamba yakaharibiwa, chakula kikachukuliwa. Wajerumani wenyewe walikadiria waliokufa kuwa 75,000. Wanahistoria wetu hutaja hadi 300,000. Wengi wao waliuawa na njaa. Wazungu waliokufa walikuwa 15.

Shuleni tulisimuliwa sana habari za maji kugeuza risasi, lakini njaa ilipitiwa kwa sentensi moja. Kuna hatari katika usimulizi huo. Ukianzia kwenye maji, swali linakuwa kwa nini babu zetu waliamini. Ukianzia kwenye ghala linaloungua, swali linakuwa nani alitoa amri. Njaa ile haikuletwa na ukame. Kuna watu waliokaa ofisini wakaiamua.

Wapo wanaosema waliotenda wamekwisha kufa, basi yaishe. Lakini kwetu, marehemu akishazikwa, ndugu husimama na kutangaza: anayemdai marehemu ajitokeze, na anayedaiwa naye pia ajitokeze. Hakuna anayedhani mtoto ndiye aliyekopa. Deni hulipwa kwa sababu mali imebaki, na mirathi haigawanywi kabla ya madeni.

Na mali imebaki kweli. Kati ya 1909 na 1913, njaa ikiwa bado mbichi katika kumbukumbu za watu, Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria Tendaguru, Lindi. Wapagazi waliibeba hadi pwani. Mmoja wa wanyama hao, mwenye urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu, amesimama kwenye jumba la makumbusho Berlin mpaka leo, watu wanalipa kiingilio kumwona. Mrithi anayekula matunda ya shamba hawezi kusema hesabu za shamba hazimhusu.

Tusijidanganye pia. Upande wa Wajerumani walikufa askari 389 Waafrika. Maana yake mikono mingi iliyoshika vijinga vya moto ilikuwa myeusi kama yetu. Hilo halimpunguzii deni aliyetoa amri, lakini historia inayowaficha askari hao ni historia nusu, na sisi ndio tunaoiandika.

Mwaka 2021 Ujerumani iliahidi Namibia euro bilioni 1.1 kwa miaka 30, ila ikakataa kuziita fidia. Ikaziita msaada. Msaada hutolewa na mwenye huruma, tena anapotaka. Deni lina mwenyewe, na mwenyewe ana haki ya kugonga mlango. Kwa mtazamo wangu ubishi wote umelala hapo.

Msamaha ni wa familia, watautoa wakitaka. Deni ni la dola kwa dola, halifutwi na machozi ya upande wowote. Na kuna dai moja lisilohitaji hata kikokotoo: Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa 1906, ambaye mji umechukua jina lake. Ukoo wake unaamini kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Steinmeier aliahidi kusaidia kukitafuta. Kila Februari watu hukusanyika Songea kuwakumbuka mashujaa, na wazao wa Nduna bado wanauliza kiko wapi.