Kuunganisha pawa saplai kwenye madabodi ya kompyuta

Kompyuta ya mezani ikigoma kuwaka, wengi hudhani imekufa na kuitupa stoo. Mara nyingi kilichokufa ni pawa saplai, lile boksi la chuma lenye feni ambalo hupokea umeme wa ukutani na kuugeuza kuwa umeme mdogo wa volti 12, 5 na 3.3. Umeme unapokatika na kurudi kwa nguvu, boksi hili ndilo hupigwa kwanza. Kulibadilisha hakuhitaji kukata waya wala kuchomelea. Lakini plagi ikiingia pasipo pake, madabodi, ule ubao mkubwa unaobeba vifaa vyote, inaweza kuungua, na hasara hiyo huwa kubwa kuliko bei ya pawa saplai yenyewe.

Kabla ya yote, chomoa waya wa umeme ukutani. Kuzima swichi hakutoshi. Kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kompyuta kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki uishe. Boksi lenyewe usilifungue kamwe: ndani mna kapasita zinazoweza kuhifadhi umeme wa kuua hata baada ya kuchomoa. Hiyo tuwaachie mafundi.

Tazama pia nyuma ya boksi. Mengine, hasa ya zamani, yana kiswichi kidogo chekundu kilichoandikwa 115 na 230. Umeme wetu wa Afrika Mashariki ni kati ya volti 230 na 240, kwa hiyo kikae kwenye 230. Kompyuta ya mtumba iliyotoka Marekani inaweza kufika ikiwa kwenye 115. Ukiichomeka hivyo utasikia mlio mmoja tu, kisha harufu ya kuungua.

Sasa plagi. Iliyo kubwa kuliko zote ina matundu 24 na huingia kwenye soketi ndefu karibu na ukingo wa madabodi. Mpangilio huu huitwa ATX na ulianzishwa na kampuni ya Intel mwaka 1995, wakati ambapo matundu yalikuwa 20. Ndiyo maana pawa saplai nyingi zina plagi ya 20 yenye kipande cha 4 pembeni. Soketi yako ikiwa ya 24, viunganishe vyote viwili. Ikiwa ya 20, kiache kipande hicho kando. Geuza plagi mpaka kikucha chake kielekee kijino kilicho kwenye soketi, kisha isukume wima hadi ilie tak. Ikikataa, usilazimishe, umeigeuza vibaya.

Plagi ya pili ndiyo husahaulika. Ni ya prosesa, ina matundu 4 au 8, na soketi yake iko kwenye kona karibu na prosesa. Usipoichomeka, feni zitazunguka vizuri lakini kioo kitabaki cheusi, na utaanza kulaumu kifaa kisicho na kosa.

Hapa kuna mitego miwili. Kile kipande cha 4 cha plagi kubwa kinafanana na plagi ya prosesa. Angalia rangi: plagi ya prosesa ina waya za njano na nyeusi tu, kipande kile kina pia nyekundu na ya chungwa. Mtego wa pili ni plagi ya kadi ya picha, ambayo nayo ina njano na nyeusi, ila zimekaa kinyume. Hiyo hugawanyika 6 na 2, ya prosesa hugawanyika 4 na 4. Kama waya zote ni nyeusi, soma maandishi: ya prosesa huandikwa CPU, ya kadi huandikwa PCI-E.

Kabla ya kununua, peleka boksi la zamani dukani ulinganishe. Baadhi ya kompyuta za ofisi za Dell, HP na Lenovo zinazouzwa mtumba zina plagi zao wenyewe, ndogo, zisizokubali pawa saplai ya kawaida. Mbaya zaidi ni baadhi ya Dell za mwishoni mwa miaka ya 1990: plagi inaingia sawasawa, lakini waya zimepangwa tofauti.

Tunashauri pia uijaribu pawa saplai ikiwa haijaunganishwa na madabodi. Kwenye plagi kubwa, unganisha tundu la waya wa kijani na tundu lolote la waya mweusi kwa kipande kifupi cha waya, ndipo uchomeke umeme. Kwa kawaida feni itazunguka. Mwenye mita apime kati ya mweusi na rangi nyingine: njano isome karibu na 12, nyekundu 5, chungwa 3.3. Njano ikisoma chini ya 11.4 au juu ya 12.6, irudishe dukani siku hiyo hiyo.