Mimea Inayovumilia Kiza

Wengi hudhani kwamba kupamba nyumba kwa mimea ni jambo la wenye bustani na baraza pana. Historia yatuonyesha vingine. Desturi hii ilishamiri hasa katika miji yenye moshi na vyumba visivyofikiwa na jua, na baadhi ya mimea yake ilitoka katika misitu yetu wenyewe.

Katika karne ya 19, hewa ya London ilijaa masizi ya makaa ya mawe, nayo moshi wa taa za gesi uliua mimea mingi ya ndani. Aspidistra, mmea wenye asili ya Japani, ulivumilia yote hayo, hata Waingereza wakaufananisha na chuma. Mwaka 1829 daktari mmoja wa mji huo, Nathaniel Ward, aliona kangaga ikiota ndani ya chupa iliyofunikwa, mbali na masizi. Kutokana na chupa ile yakaja masanduku ya kioo, na kwayo mimea ya mbali ikaweza kuvuka bahari ikiwa hai.

Mwaka huohuo wa 1829, kitalu cha Loddiges cha London kilichapisha maelezo ya mmea uotao porini kuanzia Kenya na Tanzania hadi Afrika Kusini. Wataalamu huuita Zamioculcas. Wauza miche huuita ZZ. Ulibaki kuwa mmea wa wataalamu mpaka katikati ya miaka ya 1990, Waholanzi walipoanza kuuzalisha kwa wingi. Sasa umerudi kwetu ndani ya vyungu vya kupendeza, na nimewasikia watu wakiuita ua la Ulaya!

Ua la Usambara nalo lina kisa chake. Mwaka 1892 ofisa wa utawala wa Kijerumani, Walter von Saint Paul, alilipeleka kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland akalipa jina la Saintpaulia. Wenyeji wa milima ile, waliopita kando ya miamba yake tangu enzi za mababu, hawakutajwa katika jina hilo. Hata hivyo, Wajerumani wa kawaida mpaka leo huliita kwa jina la Usambara.

Mimi hukaa katika nyumba ya ghorofa iliyozibwa na majengo marefu, na nimejifunza kuchagua kwa kuangalia mmea ulikotoka. Mahali ambapo mchana naweza kusoma gazeti bila taa, naweka ZZ. Chini ya udongo una viazi vinavyohifadhi maji. Kwa hiyo namwagilia kisha nasubiri mpaka udongo ukauke kabisa. Penye mwanga hafifu mmea hunywa polepole, na maji yakituama mizizi huoza. Tena nauweka mbali na watoto, maana utomvu wake huwasha kinywa. Ua la Usambara nalikaribisha dirishani pasipo jua kali, nikimimina maji kwenye kisahani, kwani maji baridi hutia mabaka majani yake. Kila baada ya siku chache nafuta vumbi kwenye majani ya ZZ kwa kitambaa kibichi, ili mwanga ule mdogo usipotee bure.

Lakini tusidanganyike: hakuna mmea unaopenda giza. Kuna uvumilivu tu, na uvumilivu una mwisho. Ndivyo ilivyo hata kule porini. Ua la Usambara limezaliana kwa wingi katika madirisha ya ulimwengu, ilhali baadhi ya aina zake zimo katika hatari ya kutoweka milimani, kwa sababu miti inayozitilia kivuli inakatwa. Kivuli cha chumba changu naweza kukipunguza kwa kufungua pazia. Kivuli cha msitu kikishaondoka, nani atakirudisha? Anayenunua chungu kimoja cha ua hili na ajue kwamba kwao ni wapi, na kwamba huko bado linahitaji walinzi.