Kijembe cha redioni na mlipaji asiyejulikana

Kwa miaka mingi mpiga kura wa Kisauni, Mombasa, hakuwa na tangazo la siasa la kulalamikia. Redio ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe ni serikali. Sauti ya Mvita, iliyoanzia Mombasa, ilikuwa mikononi mwa wakoloni, na miaka ya 1950 ilibidi ishindane na Redio Cairo, iliyokuwa ikiwashambulia Waingereza kwa Kiswahili kikali. Baada ya uhuru ikamezwa na Sauti ya Kenya, ambayo mwaka 1989 iligeuka Shirika la Utangazaji la Kenya, KBC. Jina jipya, mwenyewe yule yule.

Ulipofika uchaguzi wa vyama vingi wa 1992, wapinzani wa KANU, chama tawala, hawakulalamikia kuchafuliwa peke yake. Walilalamikia pia kunyimwa hewa. Maafikiano ya 1997 ya IPPG, kundi la wabunge wa vyama vyote, yakaibadilisha sheria ya KBC, ikatakiwa igawe saa zake kwa haki baina ya mitazamo ya kisiasa. Kilichopimwa pale kilikuwa saa.

Kisha zikaja FM, na hewa ikawa bidhaa. Pwani ikapata Baraka FM, Radio Salaam, Radio Rahma, na Pwani FM ya KBC yenyewe. Mwenye fedha akaweza kununua dakika zake bila kumbembeleza waziri.

Mwaka 2007, Kisauni ilipompeleka Hassan Joho bungeni kwa mara ya kwanza, uchafu wa kampeni ulikuwa na ladha ya hapa nyumbani. Raila Odinga, mgombea urais wa upinzani, alikuwa ametia saini makubaliano na viongozi wa Waislamu wa NAMLEF tarehe 29 Agosti. Nakala ya kughushi ikasambazwa ikidai ameahidi kuleta sharia. Majimbo, sera ya kugawia mikoa madaraka ambayo Pwani imeilea tangu enzi za Ronald Ngala na chama chake cha KADU, yakatangazwa kuwa njama ya kufukuzana. Mtu wa Mjambere au Mtopanga alisikia anachokiita haki yake kikiuzwa kama balaa.

Ghasia zilizofuata uchaguzi huo zinajulikana. Tarehe 30 Disemba serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Tume ya Waki, iliyozichunguza ghasia hizo, ikasikia ushahidi dhidi ya redio za lugha za kienyeji, na Joshua arap Sang wa Kass FM akafikishwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, The Hague, hadi kesi ilipokomeshwa Aprili 2016. Sheria ya Uwiano na Utangamano ya 2008 ikaifanya kauli ya chuki kuwa kosa.

Lakini chuki na kuchafuana ni mambo mawili. Mgombea aliyekula fedha za basari asemwe, tena hewani, na atakayeona kasingiziwa aende mahakamani. Shida ni kwamba Pwani mtu hupigwa kijembe bila kutajwa jina: kila abiria wa matatu ya Bombolulu anajua anayesemwa ni nani, isipokuwa wakili. Sheria inayotafuta neno baya haitalipata humo, kwa sababu neno lenyewe halimo.

Kwa hiyo naona swali lenye maana zaidi ni nani amelipa. Uingereza imekataa kabisa matangazo ya siasa ya kulipia redioni. Marekani imeyaruhusu, ila tangu sheria ya 2002 mgombea wa kitaifa hulazimika kusema kwa sauti yake mwenyewe kwamba ameliidhinisha tangazo lake. Kijembe hupungua makali kinapotoka na jina la mpigaji.

Kenya imelisogelea swali hilo kwa hatua za kinyonga. Kabla ya uchaguzi wa 2017, Mamlaka ya Mawasiliano na tume ya uwiano, NCIC, zilitoa mwongozo juu ya jumbe za siasa zinazotumwa kwa wingi kwenye simu na maudhui ya siasa mitandaoni. Lakini fedha za kampeni ndizo zilizoishinda. Sheria ya Ufadhili wa Kampeni ilipitishwa 2013, utekelezaji wake ukaahirishwa uchaguzi wa 2017 upite. Agosti 2021 tume ya uchaguzi, IEBC, ikatangaza viwango vya matumizi, Bunge likavibatilisha.

Mwaka uliofuata wakazi wa Kisauni walipiga kura mara mbili katika mwezi mmoja: tarehe 9 Agosti kwa mbunge na wengine, tarehe 29 kwa gavana, baada ya karatasi za kura za ugavana kuchanganywa. Kampeni ya ugavana ikarefuka karibu wiki tatu, na hakukuwa na kiwango chochote cha fedha cha kuizuia.