Mbung'o na Mzigo wa Kichwani

Leo tutajifunza kwa nini watu wa nchi nyingine walitumia plau na gari la ng'ombe zamani sana, na wengine wakakawia.

Wako wasemao, "Wale walikuwa na akili kuliko hawa." Si kweli. Sikilizeni.

Katika milima ya Ethiopia wakulima walikwisha kulima kwa plau ya maksai zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Kule juu kuna baridi, wala mbung'o hakai. Lakini katika mapori mengi kati ya Bagamoyo na Ujiji, mbung'o walikuwa tele. Mdudu huyu akimwuma ng'ombe au farasi huweza kumwambukiza nagana, naye mara nyingi hukonda mpaka akafa. Kijidudu cha ugonjwa huo kilivumbuliwa na daktari David Bruce huko Zululand mwaka 1895.

Je, mizigo ilichukuliwa na nani? Na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Kila mtu alichukua kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, kwa safari ya miezi. Pembe za ndovu zilileta faida. Lakini gunia la mtama lisingefaa, maana mpagazi angekula thamani yake njiani. Hivyo mkulima alikosa soko la mbali, mpaka reli ilipofika Kigoma mwaka 1914.

Basi mtoto akikuuliza kwa nini babu zetu walibeba mizigo kichwani, usimjibu kwamba walikuwa wajinga. Mwonyeshe mbung'o.

Zungumzeni darasani: ardhi ya kwenu huwasaidia nini, na huwazuia nini?