Chumba cha Kulia Chakula

Julai 1888, wanawake na wasichana wapatao 1,400 waliacha kazi katika kiwanda cha viberiti cha Bryant & May, mashariki mwa London. Walichoshwa na faini, ujira duni na kufukuzwa kwa mwenzao. Miongoni mwa waliyoyapata kwa mgomo huo limo moja ambalo hulirudia kila ninapofundisha habari hii: chumba cha kulia chakula. Awali walikula palepale penye fosforasi nyeupe, sumu iliyoozesha mifupa ya taya.

Wala sumu hiyo haikuwa ya lazima. Fosforasi nyekundu, isiyo na madhara hayo, ilijulikana tangu miaka ya 1840, na viwanda vya Uswidi vilikwisha kuitumia. Lakini ile nyeupe ilikuwa nafuu, na viberiti vyake viliwaka popote vilipokwaruzwa. Mwaka 1898 kampuni ilitozwa faini kwa kuficha wagonjwa. Faini yenyewe haikufika pauni 30! Mataifa kadhaa yalitia saini mkataba wa Bern wa kuipiga marufuku mwaka 1906. Uingereza haikuwa miongoni mwao; ilitunga sheria yake mwaka 1908, miaka 20 baada ya mgomo.