Mafundi wa Kingston Waliosuka Transfoma

Vijana wanaoleta spika karakanani kwangu Gerezani wanamjua Bob Marley, wanamjua Peter Tosh, na mmoja mmoja anamjua Augustus Pablo. Waulize nani aliunda vyombo vilivyotoa ile besi ya Jamaika, watakutazama tu. Siwalaumu. Historia ya muziki inaandikwa na watu wa muziki, na hao hawajui harufu ya vanishi ya transfoma inayoungua. Sisi tunaijua, basi tuisimulie kwa upande wetu.

Tuanzie kwenye Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Hedley Jones, Mjamaika aliyezaliwa 1917, alikuwa mpiga gitaa na fundi. Mwaka 1940 alijichongea gitaa la umeme la ubao mzima. Kisha akavuka bahari kujiunga na jeshi la anga la Uingereza, na huko akafundishwa rada. Waingereza walitaka mtu wa kuwatunzia mitambo ya kunasa ndege za adui, na bila kukusudia wakakipatia kisiwa fundi wa amplifaya. Vita vilipokwisha Jones alirudi Kingston, akafungua duka la redio na santuri. Mwaka 1947 akamuundia amplifaya Tom Wong, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye kwenye madansi alijiita Tom the Great Sebastian.

Kwa nini Wong hakununua tu? Kwa sababu kilichouzwa madukani kilikuwa cha sebuleni au cha mikutano. Dansi la Kingston lilikuwa la uwanjani, chini ya anga, watu mamia, na hakuna ukuta wa kurudisha sauti. Besi ikitoka nje namna hiyo inapotea, isipokuwa umeipa nguvu ya kutosha. Jones alitengeneza chombo chenye nguvu hiyo, kilichotenganisha sauti nzito na nyembamba, kila moja na spika zake. Wapinzani wa Wong waliposikia, kila mmoja akataka cha kwake. Wanafunzi wa Jones wakapata kazi, na Kingston ikawa na ukoo wa mafundi wasio na kiwanda. Wenzangu mnaofunga muziki wa vigodoro mnaijua hali hiyo vizuri.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vinalipita. Umeme wa Jamaika ni volti 110, mizunguko 50 kwa sekunde. Vyombo vya Kimarekani, vilivyo karibu nao kuliko vingine vyote, vimeundiwa mizunguko 60. Transfoma iliyobaniwa chuma kwa hesabu ya 60, ukiichomeka kwenye 50 inachemka. Ikichemka sana vanishi inaachia, waya zinagusana, na mwenye chombo anakuja kwa fundi. Palipo na tofauti kama hiyo, anayejua kusuka transfoma halali njaa.

Ndiyo kazi iliyomlea Osbourne Ruddock, aliyezaliwa Kingston tarehe 28 Januari 1941 na kukulia mtaa wa Waterhouse. Dunia inamjua kwa jina la King Tubby. Wengi hudhani aliitwa hivyo kwa unene. Inaelezwa kwamba jina lilitokana na ukoo wa mama yake, Tubman. Alianza kwa kutengeneza redio, akajifunza kusuka transfoma, akawa anaitwa kila kona, kwa kuwa mitambo ya madansi ilikuwa ikiharibiwa na mvua, na pengine na watu wa upande wa pili. Baadaye akaunda mtambo wake mwenyewe, Home Town Hi-Fi. Besi aliiachia valvu, sauti nyembamba akazipa transista, akaongeza mwangwi uliowafanya watu wamiminike. Mwimbaji wake wa kughani juu ya santuri alikuwa U-Roy. Katikati ya miaka ya 1970 polisi waliuharibu mtambo ule.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 Tubby alikuwa akikata santuri kwa Duke Reid, polisi wa zamani mwenye studio ya Treasure Isle, ghorofani juu ya duka lake la pombe Bond Street. Santuri hizo zilikatwa kwenye bati la alumini lililopakwa laki laini; ukizipiga mara nyingi zinachakaa. Zilikuwa za kupigwa dansini, si za kuuzwa dukani. Kumbe ukikata wimbo bila sauti ya mwimbaji, umati unaimba wenyewe na mghani anapata nafasi. Tubby, aliyekaa kwenye mashine kila siku, aliona mapema jinsi ya kuutenganisha wimbo.

Akataka studio. Nyumbani Dromilly Avenue hapakuwa na chumba cha kuingiza bendi nzima, basi hakuingiza bendi. Kanda zilirekodiwa kwingine, zikaja kwake kuchanganywa na kuongezwa sauti. Wakati huo Dynamic Sounds, studio kubwa ya mjini, ilikuwa inaingia kwenye mashine za njia 16 na kuachana na mitambo ya njia 4. Kwa msaada wa mtayarishaji Bunny Lee, Tubby akanunua meza yao ya kuchanganyia sauti, iliyotengenezwa na MCI ya Fort Lauderdale, Florida. Wenye fedha walikuwa wanaitupa, na yeye alijua bado ina kazi.

Ndani ya meza hiyo mlikuwa na chujio la Altec, lenye swichi kubwa ya kuzungusha kwa hatua, kuanzia mizunguko 70 hadi 7,500. Liliwekwa kwa adabu zake: kuondoa mngurumo usiotakiwa kwenye rekodi, hatua moja au mbili, basi. Tubby aliizungusha yote wimbo ukiwa unakwenda. Besi inakatika, gitaa linakatika, yanabaki matoazi ya ngoma yanayolia kama mchanga juu ya bati, kisha anairudisha na kila kitu kinaanguka mahali pake. Mhandisi wa Altec angeona anaharibu kifaa. Mimi naona alikielewa kuliko aliyekibuni.

Mwangwi aliupata kwa kuzungusha kitanzi cha kanda kwenye mashine kuukuu ya njia mbili. Sanduku la springi la Fisher alilifungua na kulirekebisha. Ukiligonga, springi zinapiga radi, na radi hiyo imo kwenye rekodi. Walioingia kwake wanasema kila kitu kilikuwa safi na kimepangwa. Hopeton Brown, anayejulikana kama Scientist, aliingia pale kwa habari za transfoma kabla hajawa mchanganyaji. Ndiyo maana nasema dub, muziki huo wa kuuvunja wimbo na kuupanga upya, imezaliwa kwenye meza ya fundi. Wanamuziki walitoa malighafi nzuri sana, lakini umbo ni la mtu aliyeshika bisibisi.

Tarehe 6 Februari 1989 Tubby alipigwa risasi nje ya nyumba yake Duhaney Park akitoka studio. Hakuna aliyehukumiwa. Meza yake ya MCI iliishia kwenye jumba la makumbusho la muziki Seattle, Marekani. Hedley Jones alifariki 2017, akikaribia miaka mia.

Ukitaka kumsikia Tubby kazini, tafuta “King Tubbys Meets Rockers Uptown” ya Augustus Pablo, ya 1976, uone sauti ya Jacob Miller inavyokatwa katikati ya neno na kupotelea kwenye mwangwi. Ila usiisikilize kwenye simu. Humo besi haimo. Nenda kwa mwenye spika za kweli, na ikiwa hazitoi besi, mpeleke kwa fundi.